Posa ya Mtu wa Kuja

"Nimeshakwambia, bwana, mtu wa kuja simpi binti," alisema Mzee Shaibu, fundi cherehani wa Kariakoo. "Kwenu sikujui, wazee wako siwajui. Kidawa ndiye mwanangu wa pekee."

Koti la kuazima lilimbana Hemedi kwapani, na Kombo, rafiki yake aliyemleta awe mshenga, alikuwa akishughulika na halua tu. Basi Hemedi akaona hana budi kuieleza kwao Mafia mwenyewe. Na kwa maneno, alijaliwa.

"Mzee wangu, Mafia ni neema! Nazi zinaanguka zenyewe, ukipita chini ujihadhari. Baharini kwetu papa potwe anapita ubavuni mwa mashua, mkubwa kuliko nyumba hii, wala hana habari na mtu. Kule Kisimani bahari imemeza mji mzima. Sisi tukasogea pembeni kidogo, tukaendelea kula pweza!"

Kombo alicheka mpaka halua ikampalia. Mzee Shaibu hakucheka.

"Mafia sehemu gani?" Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Alikuwa Mama Kidawa, Mrufiji, ambaye Hemedi alimwogopa kuliko Gavana.

"Kiegeani, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kisima chenu kiko msikitini?"

"Hapana, mama. Kiko kule kwenye mifenesi. Hata watu wa msikitini huteka huko huko."

"Mh!"

Lo, anataka kunishika uongo huyu, Hemedi aliwaza. Akazidi kuisifu Mafia. Akasema kwao mgeni haulizwi anaondoka lini, na mfiwa hapiki, majirani humpikia mpaka achoke kula.

"Sawa," sauti ilimkatiza. "Na wewe, nani amekulea?"

Hilo Hemedi hakuwa amejiandaa kulisema.

"Mama yangu alifariki siku aliyonizaa," alijibu taratibu. "Jirani yetu, Mama Mfaume, alikuwa ametoka kuzika kichanga chake. Akanichukua, akaninyonyesha mpaka nikatembea. Kisha mumewe akafa, nduguze wakaja wakamrudisha kwao bara. Sijamwona tena. Laiti ningekuwa naye, mzee, ningekuja naye leo, usingeniita mtu wa kuja."

Akajifanya anatengeneza kofia.

Mzee Shaibu alikohoa.

"Basi, basi, kijana. Mtu mwenye shukrani kama hii hawezi kukosa kwao. Mimi nimeridhika."

"Alhamdulillahi!" Kombo aliruka, akanyanyua mikono tayari kwa fatiha, vidole vyote halua tupu. Hemedi alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Mama Kidawa," aliita Mzee Shaibu, "nawe wasemaje?"

Pazia lilifunguka kwa nguvu. Mama Kidawa alitoka bila mtandio, machozi yakimtiririka, akamshika Hemedi mashavu kwa mikono miwili.

"Na ulivyokuwa ukiniuma ziwa, weye!" alisema, akilia na kucheka. Kisha akageukia ndani. "Kidawa! Hebu toka huko, uje umwamkie kaka yako."