Kalamu ya Getini

Tangu mafua makali yaingie kiwandani, mfanya usafi Sikudhani hakuonja mapumziko. Alifuta vitasa, meza, swichi za taa, hata mikono ya viti, mpaka dawa ikamchubua vidole. Na bado watu walizidi kuugua. Jana walikuwa wanne. Leo tisa, na Bi Nyamizi wa stoo amelazwa, hajitambui.

"Labda husugui vizuri," msimamizi alimwambia, pua kaifunika kwa leso.

Saa sita alishuka getini kusaini, atoke akamnyonyeshe mwanawe. Mlinzi, Mzee Pazi, alimsogezea daftari la mahudhurio. Sikudhani akapitisha macho kwenye majina ya juzi. Bi Nyamizi. Aliyemfuata, mgonjwa. Aliyemfuata huyo naye, mgonjwa. Walikuwa wameugua kwa kufuatana, kama walivyosaini.

Akaitazama kalamu. Ilikuwa ile ile moja, imefungwa kwa uzi mezani isije ikaibwa, na mkiani imejaa alama za meno.

"Nani anaitafuna hivi, Mzee?"

"Nyote, mwanangu. Mtu akijaribu kukumbuka saa aliyoingia, huitia mdomoni." Mzee Pazi akacheka, kicheko kikakatizwa na kikohozi. "Hata wewe, leo asubuhi."

Sikudhani akachomoa kitambaa chake cha dawa, akaifuta kalamu, akaifuta tena. Nje ya geti dada yake alikwisha kufika na mtoto mgongoni. Mtoto alipomwona mama yake alinyoosha mikono yote miwili, akicheka.

Sikudhani hakuinua macho. Aliendelea kufuta.