Sare ya Safari

Katika mji ule, kila mwanachama wa umoja wa akina mama wa kanisa aliweka sare mpya sandukuni, aje azikwe nayo. Sare ya Perisi ilikuwa na miaka tisa humo, ikinuka naftalini. Aliishona mwenyewe, na kila Jumamosi aliifunua akaitazama, kwa maana aliiwaza mbingu kuliko kitu kingine chochote.

Jumamosi hiyo jirani yake, Damari, aliingia na gauni jeupe lenye tundu jeusi kifuani. Kaa la pasi lilikuwa limeiunguza sare ambayo angepokelewa nayo katika umoja kesho yake.

"Niazime sindano, dada. Nitatia kiraka."

"Kifuani? Utafanana na bahasha yenye stempu."

Damari alicheka, kisha akalia. "Nimeingoja siku hii miaka sita."

Perisi alilitazama sanduku. Macho yake yalikuwa yamefifia; hangeweza tena kushona nyingine. Hata hivyo alilifungua, akamkabidhi Damari sare yake.

"Hii si ya safari yako?"

"Ndiyo yenyewe. Vaa nione."

"Na ukiitwa?"

"Atakayenipokea ananijua hata nikiwa na kanga. Simama wima, wewe!"

Gauni lilikuwa fupi kwa Damari. Perisi alipiga magoti, akafumua pindo uzi kwa uzi, mpaka kitambaa kilichofichwa miaka yote kikashuka juu ya miguu ya Damari, cheupe kuliko gauni zima. Nyuma yao sanduku lilibaki wazi, na jua la alasiri likaingia ndani yake hadi chini kabisa.