Jino Moja la Kahawia

Wiki ya tatu ya kupaka dawa ya kung'arisha meno, Milembe hakuweza tena kunywa maji ya mtungi. Yakigusa meno, maumivu yalimpanda mpaka kisogoni. Lakini kwenye kioo meno yalikuwa meupe, yale yale yaliyoingia ukahawia utotoni kwa maji ya kisima cha kwao Dutwa. Yote, isipokuwa moja la mbele.

Hilo lilikuwa limezibwa. Akaenda Bariadi kwa Marcelo, daktari aliyeliziba, mmoja wa wa kwanza kufungua zahanati binafsi serikali iliporuhusu.

"Hiyo dawa inang'arisha jino, haing'arishi nilichozibia," Marcelo alisema. "Nilitafuta rangi ya kufanana na meno yako."

"Basi zibua, uweke nyeupe."

"Baada ya wiki mbili. Sasa hivi haitashika."

"Picha ni kesho, daktari. Na muuzaji aliniambia inaua vijidudu vyote vya mdomoni."

"Vinarudi siku hiyo hiyo. Fizi zako ndizo zimeungua."

Mwezi uliopita, kwenye mizani ya pamba, Fredrick wa kampuni ya dawa ya meno ya Dar es Salaam alimwona Milembe akicheka na wenzake. Akamsogelea, akamtazama mdomoni, akaandika jina lake. Picha yake ingewekwa kwenye mabango ya barabarani mpaka Mwanza, na malipo yangemrudisha kwenye chuo cha ualimu alichoacha kwa kukosa ada. Milembe aliuza baiskeli yake akanunua dawa ya kung'arisha.

Jumamosi alifika gesti walikopanga watu wa kampuni, akiwa na mdogo wake Jenipha, aliyekunywa maji ya kisima kile kile. Njia nzima alijizoeza kucheka huku mdomo wa juu ukilifunika lile jino.

Fredrick aliinua kamera. "Cheka."

Milembe akacheka. Kamera ikashuka polepole.

"Umeyafanya nini?"

"Nimeyang'arisha. Limebaki hili moja tu, na daktari ameahidi..."

Fredrick alitikisa kichwa.

"Dada, wa meno meupe tulishampata Dar. Huku tulikuja kutafuta wa picha ya kwanza, ile ya kabla ya kutumia dawa."

Kisha akamgeukia Jenipha. "Wewe, hebu cheka."