Kiti Hadi Ghorofa ya Nne

"Mko wangapi?" mzee aliuliza kabla hawajamnyanyua.

"Saba," mlinzi akajibu. "Wewe tulia tu, mzee wetu. Mkono mmoja haulei mwana."

Walikuwa wamemkuta mbele ya lifti, ameketi kwenye kile kiti cha magurudumu cha ofisi ambacho hukaa mapokezi. Lifti, iliyokuwa nzima jana jioni, sasa ilikuwa imebandikwa karatasi ya miraba iliyoandikwa MBOVU. Mzee alitakiwa ghorofa ya nne, kwenye mfuko wa mafao ya uzeeni na ulemavu, kabla ya saa nne.

"Nisipofika," alisema, "habari ya pensheni basi tena."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Ilikuwa wiki ya uhakiki, na asiyeonekana kwa macho hufutwa orodhani. Mama Usafi, aliyedeki jengo lile kwa miaka kumi na tisa, alilijua hilo kuliko wote. Baba yake, aliyevunjwa nyonga na mashine kiwandani, aliwahi kukaa chini ya ngazi hizihizi akingoja wa kumpandisha, mpaka dirisha la uhakiki likafungwa. Alifutwa. Alikufa akiwa bado anaandika barua.

Akaegemeza dekio lake ukutani, akashika kiti. Soli za viatu vya mzee zilikuwa na tope bichi. Kimoyomoyo akasema, haya, nikishuka nianze kudeki upya.

Kwa watu saba, kiti kilipaa kama unyoya. Makarani wawili walikuwa wanatania njia nzima.

"Mzee, wakishakulipa usitusahau!"

"Siwasahau. Nawaandika."

Na kweli, alifungua daftari dogo la miraba, akaandika.

Ghorofa ya kwanza makarani walifika ofisini kwao, wakakuta foleni. Kazi ni kazi. Ghorofa ya pili simu ililia, na madereva wawili wakaitwa na bosi mmoja kwa ajili ya gari moja. Kila walipopungua, mzee alitazama saa, akaandika.

"Mzee, mbona unazidi kuwa mzito?" tarishi alihema.

"Uzito wangu ni uleule, mwanangu. Ninyi ndio mnapungua."

Tarishi alicheka mpaka ghorofa ya tatu. Hapo akashika kiuno, akaketi ngazini, wala hakuinuka tena.

"Niacheni," alisema. "Na mimi nina uzee wangu wa kuulinda."

Wakabaki wawili: mlinzi chini, Mama Usafi juu. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano. Goti la Mama Usafi lilikuwa linalia kama bawaba kavu.

"Mama, tumweke hapa," mlinzi akasema. "Nipande nikaite mhakiki ashuke."

"Hawashuki. Nawajua. Beba."

"Pole, mama," mzee akasema kwa sauti ndogo. Safari hii hakuandika kitu.

Zilikuwa ngazi kumi na nane, na Mama Usafi alizijua moja moja. Ya tisa ina ufa. Ya kumi na nne huteleza. Walipotua juu, kwenye sakafu aliyoideki alfajiri, mlinzi alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Mama Usafi hakupumzika. Akakigeuza kiti kuelekea dirisha la uhakiki.

"Siyo huko, mama," mzee akasema. "Humu."

Akafunga daftari, akanyoosha suruali, akaenda kufungua mlango wa ukumbi wa mikutano. Nyuma yake, kwenye sakafu inayong'aa, zikabaki nyayo za tope: wa kulia, wa kushoto, wa kulia.

Mama Usafi alikuwa bado ameshikilia kiti kitupu.

Ndani, wakurugenzi wote wa mfuko walisimama. "Karibu, mtaalamu wetu wa hesabu za mafao!" mwenyekiti akasema. "Haya, tuoneshe tena hiyo michoro yako ya nani atawalipia wazee miaka arobaini ijayo."

"Michoro mmeikataa mara tatu," mzee akasema, akiwashikia mlango mlinzi na Mama Usafi. "Chini walionibeba walikuwa saba. Nimewaletea waliobaki."