Litakalotangulia Kufika

"Hivyo ndivyo vitairi vya kwendea Kilosa?" Samwel aliuliza kwa sauti ya kutosha kusikiwa na wauza nyanya wote wa Mikumi. "Au umemnyang'anya mtu baiskeli?"

Thadeo alikuwa amepiga goti kwenye gurudumu la nyuma, anapima upepo. Hakuinua kichwa. Alimaliza la nne, akaandika namba kwenye kidaftari chake, ndipo akajibu.

"Tutaonana kwenye tope la Zombo."

"Utaniona mgongo tu, Sabini na Tisa."

Shirikani hakuna aliyewaita kwa majina. Dereva alikuwa gari lake. Samwel alikuwa Sabini na Nane na Thadeo Sabini na Tisa, kwa namba za Landkruza mbili zilizokuja siku moja, miaka tisa nyuma. Gari likiingia gereji, watu waliulizana Sabini na Tisa anaumwa nini. Wawili hao hawakupata kupendana hata siku moja, ila mwaka huu chuki ilikuwa imevuliwa shati. Shirika la umma lilikuwa limenunuliwa na tajiri, na tajiri alitaka Landkruza moja tu. Samwel alikuwa amemwendesha huyo tajiri mbugani kuona tembo, akarudi anatembea kama tembo mwenyewe.

Barua ya meneja, Bwana Onesphory, ilikuwa fupi. Magari yote mawili yatoke Mikumi saa mbili asubuhi, baada ya usiku wa mvua. Kila dereva afunge matairi anayoyaamini, maana siku hizi yalijaa madukani kama vitunguu, bila kibali wala foleni. "Litakalotangulia kufika Kilosa ndilo litakalobaki. La pili litauzwa."

Samwel alifunga mapana ya Dubai, yasiyo na tyubu, yenye maandishi meupe ubavuni. Thadeo alifunga membamba, ya meno makubwa, yanayonguruma kwenye lami kama mashine ya kusaga. Alikuwa ameyajaribu masika mawili na kuandika kila yalipoteleza. Akiuzwa Sabini na Tisa, nyumba ya shirika kule Magomeni ya Kilosa ingeondoka naye, na mkewe Yudith na watoto watatu wangekwenda kulala sebuleni kwa shemeji.

Walitoka. Letisia, karani wa ofisi, alipanda kwa Thadeo akiwa na saa ya meneja mkononi. Kwenye changarawe Samwel aliwapita kwa kasi, akawarushia dimbwi zima kwenye kioo, akapiga honi mara tatu. Matairi ya Thadeo yalirukaruka juu ya matuta ya barabara kama mbuzi.

"Kaka Thadeo," Letisia alisema, "barua ile niliichapa mimi."

"Najua, dada."

"Umeisoma vizuri?"

"Mara nne."

Letisia aligeukia dirishani.

Karibu na Zombo udongo uligeuka mweusi. Thadeo alisimama pakavu, akashuka, akapunguza upepo gurudumu moja baada ya jingine, bila haraka. Tope lile alilijua. Tairi pana huelea juu yake kama chapati kwenye mafuta. Jembamba huzama, likagusa ardhi ngumu ya chini, likashika. Akaingiza gia nzito, akaenda taratibu.

Sabini na Nane lilikuwa limelala ubavu kwenye mfereji. Matairi yake yalikuwa yamejaa udongo, hayana jino hata moja, laini kama maandazi. Samwel alisimama kando, suruali imekunjwa, tope mapajani. Aliinua mkono.

"Thadeo!"

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa kumwita kwa jina lake.

"Una mnyororo?"

"Ninao."

"Nivute basi, ndugu yangu. Utangulie wewe, mimi nifike tu."

Thadeo alishusha kioo mpaka chini ili asikike vizuri.

"Wewe una matairi ya Dubai. Yaambie yakuvute."

Akakanyaga mafuta. Tope lilimpiga Samwel kifuani.

"Kaka, mvute," Letisia alisema. "Nakuomba. Kwa faida yako mwenyewe."

"Faida yangu iko Kilosa."

Nyuma yao Samwel alitukana mpaka sauti ikamkauka. Thadeo alimsikiliza kwa makini, kama mtu anayesikiliza injini, mpaka kona ilipoimeza ile sauti.

Walifika saa sita kasoro dakika kumi. Bwana Onesphory alikuwa amesimama barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Thadeo."

Hata yeye leo alimwita kwa jina. Thadeo alijisikia mrefu.

Meneja alilizunguka gari, akainama, akaingiza kidole katikati ya meno ya tairi. Aliuliza upepo ulikuwa kiasi gani kwenye changarawe, na kiasi gani kwenye tope. Aliuliza walipita kwa gia ipi. Thadeo alimfungulia kidaftari, akamweleza ukurasa kwa ukurasa, na Bwana Onesphory akaandika yote. Letisia aliweka saa juu ya meza akaingia ndani bila kumtazama mtu.

"Hakuna ubishi," meneja alisema mwishoni. "Linalobaki ni hili. Lile tutaliuza lilivyo."

Thadeo alipumua. Mbele ya macho yake alimwona Samwel anatandika mkeka sebuleni kwa watu, na picha hiyo haikumhuzunisha.

Bwana Onesphory alifunga kalamu yake.

"Dereva, tajiri alishamchagua tangu mwezi uliopita; leo tulikuwa tunachagua gari," alisema. "Rudi Zombo ukamvute Samwel, kisha umkabidhi ufunguo."