Dole Gumba la Kwanza

Karatasi ilikuwa nyuma ya kioo cha ubao wa matangazo, na Mwatime alilitambua dole gumba lake kabla hajasoma neno hata moja. Lilikuwa juu kabisa, limekatwa katikati na kovu aliloachiwa na mundu siku alipokuwa akikata matete kinamasini.

Ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaita majirani mkutanoni. Huko alisimama akasema kinamasi kisifukiwe, maana visima vyao vyote vinakitegemea, nao wakampigia makofi. Mlangoni karani alikuwa amewapokea na pedi ya wino. "Ni mahudhurio tu, mama," alimwambia, na hata wanaojua kuandika walitia dole.

Sasa kichwa cha karatasi ile ile kilisomeka: Wakazi Walioridhia Kinamasi Kufukiwa.

Nyuma yake akafika Bi Kidawa, jirani asiyejua kusoma, ambaye siku ile alitaka kubaki nyumbani na mguu wake mbovu. Mwatime ndiye aliyemshika mkono njia nzima. Bibi akajisogeza hadi kwenye kioo, akayatazama madole yale yaliyopangwa mstari kwa mstari.

"Langu lipo?"

"Lipo, bibi. La pili, chini ya langu."

Bi Kidawa akatabasamu. "Mimi nilidhani watu kama sisi hatusikilizwi. Kumbe ulisema kweli, mwanangu."

Mwatime akanyanyua kiganja, akakiziba kile kichwa cha karatasi, kana kwamba bibi angeweza kukisoma.