Kipindi cha Saba

Kwa mara nyingine tena, Mama Yonasi aliomba afe kijana yuleyule.

Watu walicheka. Amoni, balozi wa nyumba kumi, alisema Jumapili hii ilikuwa zamu ya kile kipindi cha mwalimu anayeita majina darasani, na mtoto aliyezikwa jana anaitika, "Nipo." Hicho ndicho alichokipenda yeye. Wanawake walitaka cha bibi harusi asiye na kivuli. Lakini Mama Yonasi alikuwa mkubwa kwa umri, tena togwa waliyokuwa wakinywa aliileta yeye, basi wakamwachia.

Lusungu aliinamisha kichwa, akaanza.

Hakuna mtu katika kijiji kile cha Ujamaa, jirani na Hasamba, aliyewahi kuona televisheni. Lusungu aliiona Zambia, huko Kopabelti, alikofanya kazi mgodini miaka mitano. Wafanyakazi walikuwa na ukumbi wao, na kwa wiki kadhaa, kila Alhamisi, walijazana humo kutazama mchezo mmoja wa kuigiza. Katika kila kipindi mfu alirudi kudai kitu kwa walio hai. Lusungu aliporejea nyumbani mwaka 1974 alikuta watu wamehamishiwa kijiji kipya, kila mmoja ana jirani asiyemjua. Vipindi vile ndivyo vilivyowakutanisha. Baada ya ibada walikaa nje ya ghala la kijiji, naye akasimulia.

Alichokitaka Mama Yonasi kilikuwa cha saba. Vijana wawili waliotoka kwao pamoja wanachimba shaba. Siku moja mmoja ameamka na pombe ya jana, anajifanya mgonjwa, na mwenzake anaingia zamu kwa ajili yake. Mwamba unaanguka. Kuanzia siku hiyo aliyekufa anakuja na kofia yake ya chuma, anakaa pembeni ya kitanda cha mwenzake. Hadai kitu. Anauliza tu, "Umepona?"

Hapo watoto walijisogeza kwa mama zao. Mama Yonasi alisikiliza mikono ikiwa mapajani, hakutikisika.

Vipindi alivyoviona Lusungu vilikuwa sita tu. Hicho cha saba hakuwahi kukiona kwenye televisheni yoyote. Kilimtoka Jumapili moja alipoishiwa, na sasa hakikuwapo kilichoombwa zaidi yake. Kila alipokimaliza alirudi nyumbani hana hamu hata ya kunawa mikono ale.

Kilichomuuma zaidi ni kumdanganya mama yule. Mwanawe wa pekee, Yonasi, alikuwa Kopabelti. Lusungu ndiye aliyemletea habari zake: amehamia mgodi wa mbali, atakuja akipata likizo. Mwanzoni Mama Yonasi alikuwa akija kila wiki kuulizia. Tangu mavuno ya kahawa ya mwaka jana alikuwa haulizi tena. Alikuja tu na bakuli la maharage au mkungu mdogo wa ndizi, kwa kuwa Lusungu hakuwa na mke, akimwita mwanangu. Lusungu alipokea kwa mikono miwili na hakuweza kumtazama usoni.

Jumapili hiyo kulikuwa na mgeni. Timotheo, dereva wa lori kutoka Tunduma, alikuwa akisubiri magunia ya kahawa yapakiwe kesho yake. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole hiyo ilikuwa televisheni ya wapi. Lusungu alimwambia. Timotheo akasema alikaa Ndola, hukohuko Kopabelti, miaka tisa, kwa tajiri mwenye televisheni sebuleni, na mchezo ule aliutazama wote.

"Cha mwalimu ni kweli, cha bibi harusi ni kweli," alisema. "Lakini hicho cha mgodini hakipo, ndugu yangu. Hakikuonyeshwa kabisa."

Kila mtu alimgeukia Lusungu, akisubiri ajitetee. Mtu mmoja nyuma aliguna, wengine wakaanza kucheka, na Amoni akauliza, nusu mzaha, kama hata hiyo Zambia alifika kweli. Lusungu alisimama, akachukua kofia yake, akaondoka akipita katikati ya mahindi.

Alikuwa ameketi kizingitini kwake alipomwona Mama Yonasi akija polepole kwenye njia ya miguu. Safari hii hakubeba bakuli. Lusungu alimtolea kigoda. Mama Yonasi alikaa, akapanga khanga yake magotini, akapumzika kwanza, maana kilima kile kilikuwa kinamchosha siku hizi.

Lusungu alijua mambo ya kusema. Alikuwa ameyapanga kwa miaka miwili, lakini yaliyomtoka yalikuwa yale mepesi zaidi.

"Mama, nisamehe. Kile kipindi nilikitunga."

"Hukukitunga," alisema Mama Yonasi.

Akamgeukia.

"Kila Jumapili nakuomba, na kila Jumapili unaparuka pale mwamba unapoanguka. Leo tuko wawili tu, mwanangu. Niambie, Yonasi wangu alikufa palepale, au aliniita kwanza?"